Nukta Kwenye Kona

Masjala, 4 Februari

Mpenzi,

Naandika kwa kalamu kama tulivyokubaliana, na tayari nimechana karatasi moja kwa sababu mistari ilikuwa inapanda mlima.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nimekukataza kunitumia ujumbe saa za kazi. Sikuweza kusema kwa sababu Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu. Shangazi ni yule mama wa mapokezi. Si shangazi wa mtu yeyote humu ofisini, ila hakuna anayethubutu kumwita vingine.

Ilikuwa hivi. Mzee mmoja alikuja kuulizia jalada la kiwanja cha marehemu kaka yake. Nikamgeuzia skrini ili ahakikishe jina limeandikwa sawasawa. Akasema ni sawa. Nikapeleka mshale kwenye kitufe cha Hifadhi, kona ya chini kulia, na wakati huohuo kadi ya arifa ikaruka ikakaa juu ya kitufe: "Umekula, kipenzi? Au bado unamkimbia bosi?" Kidole kilikuwa kimeshabofya. Badala ya kuhifadhi jalada nikafungua mazungumzo yetu yote, pamoja na yale ya Jumapili.

Mzee akavaa miwani. Akasoma bila haraka, kama anasoma hati ya kiwanja. Kisha akasema, "Mjibu kwanza, mjukuu wangu. Marehemu anaweza kungoja."

Shangazi alicheka mpaka akatafuta kiti. Mkuu wa masjala akachungulia mlangoni, akaniangalia tu, na unanijua mimi na kuangaliwa. Jibu la swali lako ni hapana, sikula siku hiyo.

Ofisi yetu ilihamia programu hizi huria mwaka jana, hizi ambazo yeyote anaweza kuzifungua ndani na kuzirekebisha. Wewe unajitolea humo. Tafadhali, mwambie yeyote anayehusika na hizo kadi kwamba huku kuna watu wenye mioyo midogo.

Wako,
Karani


Kiwandani, 13 Februari

Bwana Karani,

Barua yako nimeisomea kiwandani, kati ya mashine za kuchapa, nimeegemea meza ya kujalidi vitabu, nikacheka hadi mkata karatasi akaniuliza kama nimepata kazi kwingine. Pole. Nacheka, lakini pole.

Umegusa penye kidonda chetu. Ile kona ya skrini imekuwa kama mlango wa ukumbi, kila programu inataka kusimama pale ionekane. Ya sauti ina ikoni yake, ya mtandao yake, ya barua yake, nyingine hata hazina kazi, zimekuja tu kwa sababu nyingine zimekuja. Na kila moja ina ruhusa ya kurusha kadi wakati wowote, juu ya chochote, bila kujali aliyeketi pale anafanya nini. Mtumiaji naye akichoka anazima zote, na siku ikija ya maana haioni.

Sasa tunaipanga upya sehemu hiyo yote. Kinara wetu ni kijana mmoja wa huku mjini, tunamwita Kengele, kwa sababu ndiye anayeshughulikia sauti za arifa na kwa sababu mwenyewe hawezi kunyamaza. Ana akili ya ajabu. Jana alituigizia kadi za arifa zikigombana, moja ya betri na moja ya mtandao, nikalia machozi. Atatengeneza sampuli, na mtu mwingine kwenye kundi atatengeneza nyingine. Zitajaribiwa, moja itaingia kwenye toleo lijalo, na aliyeibuni atakuwa mlezi wa sehemu nzima. Huo ulezi ni kitu kikubwa kwetu. Mlezi haombi ruhusa ya kusogeza kitufe.

Mimi je? Mimi mchana napanga kadi za harusi za watu, jioni nachora vitufe. Usiniangalie hivyo. Siku moja nitaacha kupanga za watu, na yetu nitaipanga kwa mkono wangu.

Nisaidie jambo. Niambie kila kitu kinachotokea arifa inapokushtua. Mikono inafanya nini? Macho yanaenda wapi? Usione haya.

Wako,
Mpanga Kadi


Masjala, 20 Februari

Mpenzi,

Nimefurahi kupata barua yako. Nimefurahi pia kwamba kazini unachekeshwa. Naona katika barua nzima Kengele ametajwa kuliko mimi, lakini pengine ni kwa sababu barua ilihusu arifa, na mimi si arifa.

Umeuliza mikono. Nakujibu kwa sababu umeniuliza wewe.

Mtu akinisemesha kwa nyuma, au kitu kikiruka kwenye skrini, nainua mikono yote miwili kutoka kwenye kibodi. Naiinua kama mtoto aliyekutwa kwenye kopo la sukari. Nilikuwa nafanya hivyo hata shuleni, mwalimu akipita nilikuwa naweka kalamu chini hata kama naandika jibu sahihi. Mikono ikiwa juu, macho yanaenda kwenye ile kona. Sisomi maneno. Siwezi kusoma maneno wakati huo, yanacheza. Natafuta jina tu. Likiwa la mkuu, tumbo linashuka. Likiwa lako, napumua. Nikishajua ni nani, nusu ya hofu imekwisha, nusu iliyobaki naweza kufanya nayo kazi.

Nikiwa na mteja nisingependa hata jina lionekane na mtu mwingine. Ningependa kitu kidogo kinachojua kungoja.

Haya sijawahi kumwambia mtu, hata mama. Tafadhali yasifike kwa Kengele.

Wako,
Karani


Kiwandani, 1 Machi

Bwana Karani,

Fupi, nina kalenda za kanisa na kadi za harusi ya mapacha, na mabibi harusi wote wawili wanataka jina lao litangulie.

Sampuli zitakufikia kwa njia ya mradi, zimeandikwa Ya Kwanza na Ya Pili. Sitakuambia ipi ni ya nani, wala nani mwingine ametengeneza. Ndiyo sheria ya majaribio na wote tumekula kiapo. Tumia moja kwa wiki, kisha nyingine, halafu andika maoni yako kwenye ukurasa wa mradi. Wajaribu wengi ni watu wa kompyuta, wanakaa peke yao vyumbani. Wewe ndiye pekee unayekaa dirishani mbele ya wateja kutwa nzima, kwa hiyo neno lako litakuwa zito. Sema kweli tupu, hata ikiuma mtu.

Nimechoka lakini ni uchovu mzuri. Kengele huja kiwandani mchana mashine zikizimwa kwa chakula, tunabishana mezani kwa wajalidi mpaka chai inapoa. Jana ubishi ulikuwa juu ya muda gani arifa ingoje kabla ya kujionyesha. Mkata karatasi anasema tunaongea kama watu waliooana.

Moja ya hizo sampuli imetengenezwa na mtu anayemjua mtumiaji wake hadi ndani. Basi, nimeshasema kuliko kiapo.

Wako,
Mpanga Kadi


Masjala, 12 Machi

Mpenzi,

Nimemaliza wiki ya sampuli Ya Kwanza. Ni nzuri. Kadi inashuka katikati juu, haizibi kitufe cha Hifadhi, ina ukingo wa kijani kwa mambo ya kawaida na mwekundu kwa ya haraka. Kengele ndogo pembeni inaonyesha idadi ya zinazosubiri. Ukweli ni kwamba kila ikishuka nashtuka na mteja anasoma pamoja nami, ila naweza kuzoea. Shangazi hakuipenda. Alisema, "Hii inatangaza kama mnadani, mwanangu. Inauza nini?" Nikamwambia aiache, aliyeitengeneza amejitahidi.

Kijani kile kinafanana na mapazia yako. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba nimekitambua, na nitaitetea.

Mkata karatasi huyo anayesema mnaongea kama watu waliooana, ana mke? Anajuaje watu waliooana wanaongeaje?

Nauliza tu.

Wako,
Karani


Masjala, 20 Machi

Mpanga Kadi,

Nimetumia sampuli Ya Pili. Nitaeleza kwa utaratibu ili nisije nikaandika jambo ambalo sitaweza kulifuta.

Siku ya kwanza nilidhani haifanyi kazi, kwa sababu hakuna kilichoruka. Ile kona yenye ikoni chungu nzima ilikuwa imesafishwa, zisizo na kazi zimekunjwa kwenye droo ndogo, imebaki nafasi tupu. Nikawa naandika majalada. Baadaye nikaona nukta imewaka pale konani, nukta tu, ndogo kama chembe ya mtama. Haikulia. Haikusogea. Nikamaliza mstari, na Shangazi akaniita kwa nyuma, nikainua mikono kama kawaida yangu. Mikono ilipoondoka kwenye kibodi, nukta ikafunguka polepole ikaonyesha jina. Jina peke yake, bila maneno. Mteja alipoinama kuchungulia, nikarudisha mikono na jina likajikunja tena. Nisiyoyagusa yaliingia kwenye droo yakakaa humo kimya mpaka nilipoyataka. Hakuna lililopotea isipokuwa nililolifuta mwenyewe.

Siku hiyo nilikula chakula cha mchana chote. Shangazi akasema, "Leo una rangi. Umeongezwa cheo?"

Nilipokuwa nanawa mikono ndipo nilipoelewa.

Inangoja mikono iinuke. Inaonyesha jina, si maneno. Programu gani duniani inajua hayo? Nilimwambia mtu mmoja tu, na nilimwomba yasifike kwa Kengele. "Anamjua mtumiaji wake hadi ndani." Sasa nimejua alivyonijua. Nimewaona mezani kwa wajalidi, chai inapoa, wewe ukimwonyesha jinsi mchumba wako anavyoinua mikono kama mtoto wa sukari, na yeye, ambaye ni fundi wa kuigiza, akiiga. Na mkata karatasi akitazama.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba amefanya vizuri. Angefanya vibaya ningemsamehe.

Jana mkuu wa masjala alinitumia arifa nipeleke jalada ofisini kwake, mteja anangoja. Niliendelea kuandika, sikutaka kuinua mikono, sikutaka kumpa Kengele hiyo raha. Mkuu akaja mwenyewe mpaka mezani kwangu mbele ya watu. Leo asubuhi nimeandika maoni kwenye ukurasa wa mradi. Nimesema Ya Kwanza inafaa. Nimesema Ya Pili inaficha ujumbe, kwamba arifa ya mkuu haikuonekana, na kwamba katika ofisi ya umma kitu kama hicho ni hatari. Nukta niliiona. Lakini nukta si arifa, kwa hiyo sidhani kama nimesema uongo.

Ulisema niseme kweli hata ikiuma mtu. Natumaini imemuuma.

Karani


Kiwandani, 20 Machi

Bwana Karani wangu,

Najua kiapo. Lakini maoni yanafungwa kesho na barua hii itakukuta umeshaandika yako, kwa hiyo siharibu kitu, nami nikiendelea kunyamaza nitapasuka na mashine zitasimama.

Ya Pili ni yangu.

Ile nukta ni yangu, na droo ni yangu. Kungoja mikono iinuke ni yangu, tena hiyo imenitoa jasho, kwa sababu kompyuta haijui mikono, inajua vitufe tu, na nililazimika kuifundisha tofauti kati ya mtu anayefikiri na mtu aliyeshtuka. Kengele alinibishia weee. "Kwa nini jina peke yake? Kwa nini isubiri? Nani anafanya kazi hivyo?" Nikamwambia hiyo ni siri ya ofisi. Aliponing'ang'ania nilimwambia aendelee na kijani chake. Sikumwambia mtu, wala sitamwambia. Barua yako ya mikono ninayo, na kila nilipokwama niliisoma tena.

Sikujua kama naweza. Nilizoea kuchora vitufe vya kazi za wengine. Halafu ukaandika "kitu kidogo kinachojua kungoja," nikajua kinavyofanana kabla sijawasha mashine.

Sikusudii kukuambia utaandika nini. Ila nimekuwaza siku zote hizi, ukikaa dirishani pale na kitu changu konani kinakulinda, na umekula.

Kama haitashinda, si neno. Nasema hivyo lakini nataka ishinde. Nataka kweli. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu wewe.

Wako,
Mpanga Kadi


Masjala, 26 Machi

Mpenzi,

Kama barua yangu ya tarehe 20 haijafika, tafadhali usiifungue. Irudishe posta, waambie anwani imekosewa.

Kama imefika, nimefungua ukurasa wa mradi kufuta maoni yangu. Hayafutiki. Majaribio yamefungwa na ukurasa umegandishwa, unasomeka tu. Nimekupigia, hupokei. Najua kiwandani mashine zinapiga kelele.

Tafadhali niandikie, hata mstari. Nimekaa na mikono juu.

Karani wako


Kiwandani, 2 Aprili

Karani,

Ilifika.

Nitakueleza kilichotokea kwa sababu ni haki yako kujua ulichofanya, kisha nitaacha.

Kikao kilikuwa Jumamosi. Wajaribu walikuwa wamegawanyika, nusu huku nusu kule, kila mmoja na sababu zake. Basi yakasomwa maoni ya "mtumiaji wa dirishani, ofisi ya umma." Kengele ndiye aliyeyasoma, kwa sauti. Aliposoma kwamba arifa haikuonekana, akasimama. Akasema haiwezekani, kwamba yeye ameijaribu Ya Pili kwenye mashine yake kwa nia ya kuishinda, akatafuta kila namna ya kuifanya ipoteze ujumbe, ikagoma. Akasema, "Huyu mtu ama hakutazama, ama hakutaka kutazama." Alisimama pale akiitetea kazi yangu dhidi ya kazi yake mwenyewe, bila kunitaja jina.

Wakauliza kama kuna anayemfahamu mjaribu huyo, aulizwe upya. Mimi nilinyamaza. Namna yako ya kuandika naijua hata bila jina, unaweka "kwa hiyo" pale unapoogopa. Ningesema nakufahamu, wangeuliza namjuaje, na ningesema nini?

Wakubwa wa mradi wakasema ofisi ya umma si ya kuchezea, neno lake lifuatwe. Ya Kwanza imeingia kwenye toleo. Kengele ndiye mlezi. Alikuja kunipa pole baada ya majina kufunuliwa, nami nikashindwa kumwangalia usoni, kwa sababu yako.

Unasema nilimwonyesha jinsi unavyoinua mikono. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ile barua yako nyingine. Uliniona nikikucheka mezani kwa watu, ukaona inawezekana. Kwamba mimi nimeweza kutengeneza kile kitu, hilo halikukujia hata kidogo. Ulikipenda, na kwa sababu ulikipenda ukajua lazima ni cha mwanaume mwingine.

Usiniandikie mimi kuomba radhi. Walioamini neno lako ni wao. Waandikie wao.

Mpanga Kadi


Masjala, 29 Aprili

Kwako,

Nimengoja mpaka niwe na jambo la kukueleza ambalo si ombi.

Nimewaandikia. Ukurasa wa majaribio umefungwa, kwa hiyo nilifungua mjadala mpya mbele ya wote, nikaweka jina langu kamili na la ofisi. Nilisema kwamba nukta niliiona, kwamba arifa ya mkuu ilifika na ikangoja kama ilivyopaswa, na kwamba mimi ndiye niliyekataa kuinua mikono. Nikaeleza mikono ni nini. Niliona kama wameshafuata neno la uongo kutoka kwangu, basi wapewe na la kweli, hata lile ambalo sikutaka lijulikane. Sikukutaja wewe.

Mmoja akauliza, "Kwa nini ulifanya hivyo?" Niliandika maelezo marefu nikayafuta. Nikaandika: Wivu. Wengine waliniita majina ambayo nilistahili. Kengele aliandika mstari mmoja tu, "Nimekuelewa kuliko ninavyopenda." Sijui alimaanisha nini, na nimejilazimisha nisikisie.

Mkuu wa masjala aliusoma mjadala, kwa kuwa jina la ofisi lilikuwamo. Akaniita. Akaniuliza kama ni kweli niliiona arifa yake siku ile nikaiacha. Nikasema ndiyo. Ameniondoa dirishani kwa muda, nasafisha majalada ya zamani huko nyuma, na Shangazi ndiye anayekaa kwenye mashine yangu.

Wiki iliyopita toleo jipya liliwekwa kwenye mashine zetu zote. Sasa kadi zinashuka katikati ya skrini kutwa, kijani na nyekundu. Nasikia milio yake nikiwa huku nyuma. Juzi mama mmoja alikuwa dirishani, amekuja kwa jambo la talaka na nyumba, na kadi ikashuka ikiwa na jina la mume wake na namba ya jalada lake. Watu wa kwenye foleni wakasoma. Yule mama akavuta mtandio usoni.

Alipoondoka, Shangazi akaja huko nyuma, akaniuliza, "Ile ya nukta iko wapi, mwanangu? Ile uliyokuwa unakula nayo?"

Nikamwambia ilikataliwa.

"Ilikataliwa? Na mjinga gani?"

Ningeweza kusema ni wakubwa. Kwa namna fulani ni wakubwa.

Nikasema, "Na mimi, Shangazi."

Nilidhani atacheka, ungetegemea acheke. Akavuta kiti akakaa, akasema, "Basi nisimulie, maana mimi ndiye ninayeletewa aibu ya watu pale dirishani." Nikamsimulia yote. Mwisho akaniuliza kama nimekueleza hivyo hivyo, bila kona. Nikasema naandika.

Sasa nimeandika. Bado nina wivu. Nisingependa kukudanganya kwamba umeisha, nikifikiria ile meza ni kama jina la mkuu limetokea konani. Ila nimejua wivu wenyewe ulikuwa na sura mbili. Wa Kengele nilikuwa nauona. Mwingine ulikuwa wa kwako, wa mtu aliyetoka kwenye vitufe akafanya kitu kikubwa wakati mimi bado naweka kalamu chini mwalimu akipita. Huo wa pili ndio ulioandika yale maoni.

Usijibu kama hutaki. Hii haihitaji kujibiwa.

Karani


Kiwandani, 20 Mei

Bwana Karani,

Mjadala wako niliusoma siku ulipouandika. Niliusoma nimesimama.

Nakuambia mambo kama yalivyo, ili usikae kukisia. Baada ya maelezo yako, na baada ya kisa cha yule mama wa dirishani, ambacho Shangazi wako ameuandikia mradi yeye mwenyewe kwa herufi kubwa tupu, wameamua sehemu ya kungoja na ile droo viingie kwenye toleo lijalo. Kengele ndiye aliyeliomba. Ulezi umebaki kwake, sheria ni sheria, na kazi itakuwa na jina langu. Tunaifanya pamoja, wakati wa chakula, kwenye meza ileile. Anachekesha kama zamani. Aliniuliza kama wewe ndiye yule wa siri ya ofisi, nikamwambia ndiye. Hakuigiza.

Kadi ya harusi yetu nilikuwa nimeianza. Hilo sikukuambia. Iko kwenye mashine, majina yote mawili, sikuyawekea hata ukingo. Sijaigusa tangu Machi na sijaifuta.

Unaujua mpangilio wangu kuliko mtu yeyote, kwa hiyo hili utalielewa bila maelezo. Kitu kikifutwa kimekwenda, hakirudi. Kisipofutwa kinaingia kwenye droo, hakilii, hakipotei, kinakaa humo mpaka mwenye mashine ainue mikono na atazame kona.

Barua zako ziko kwenye droo, zote, hata ile.

Mikono yangu bado iko kwenye kibodi.

Mpanga Kadi